Fungueni Kitabu cha Matukio
Barua ya wazi kwa Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu na Wakuu wa Polisi Wasaidizi vyuoni

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu kitabu mnachokimiliki tayari. Kipo juu ya kaunta ya kituo cha askari wa chuo: kauntabuku yenye jalada gumu, iliyopigwa mistari kwa rula na kugawanywa safu za namba, tarehe, saa, jina la mlalamikaji, tukio na hatua iliyochukuliwa. Askari wa zamu huandika humo kila analoletewa. Kikijaa kinaingia kabatini na kingine kinaanza. Ukiwatoa askari wenyewe na wakubwa wao, hakuna anayekisoma. Ombi langu ni moja: yaliyomo, yakishaondolewa majina, yabandikwe hadharani kila siku, ili mwanafunzi, mzazi na mfanyakazi wa chuo ajue kinachotokea pale anapoishi na kulala.

Nimefundisha chuo kikuu kwa miaka mingi, na kwa kipindi fulani nilikuwa mlezi wa hosteli. Ulezi ndio ulionizoesha kaunta hiyo, maana mwanafunzi akiibiwa au akipigwa usiku, wa kwanza kugongewa mlango ni mlezi. Nimesimama pale nikisubiri askari amalize kuandika, na wakati wa kusubiri macho hayatulii. Nimesoma mistari ya juu yake, na ya juu zaidi.

Mengi yaliyomo hayamtishi mtu. Laptopu iliyoachwa juu ya kimbweta, mwenyewe akienda kununua maji. Simu iliyovuliwa dirishani saa nane za usiku kwa fito yenye ndoano iliyopenyezwa kati ya nondo. Shuka na suruali zilizoanuliwa na mtu ambaye hakuzianika. Kitambulisho kilichopotea. Wakaaji wa chumba kimoja waliokunjana mashati kwa sababu ya muziki, au ya mgeni aliyelala bila ruhusa. Bodaboda iliyomgonga mwanafunzi kwenye kona ya kafeteria. Nyoka aliyekutwa bafuni. Mlango wa maabara uliokutwa wazi alfajiri. Mtu asiyefahamika aliyeonekana nyuma ya hosteli ya wasichana, na katika safu ya hatua iliyochukuliwa, neno moja: "amefukuzwa."

Hiyo ndiyo kazi ya polisi wa chuo siku nenda siku rudi, na askari wanaoifanya wanastahili heshima kuliko wanayopewa. Wanalinda eneo kubwa wakiwa wachache. Vyuo vyetu vikubwa ni miji: kampasi ya Mlimani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina barabara za umma, msitu, benki, kituo cha afya na shule ya msingi, Chuo Kikuu cha Dodoma kimetandazwa vilimani, na kutoka ndaki moja hadi nyingine ni mwendo wa gari. Askari wa lindo anatembea kwa miguu na tochi, mvua inyeshe isinyeshe, na asubuhi anaulizwa kwa nini laptopu ya fulani imeibiwa. Ninachodai hakiwashushii hadhi. Kitaonyesha kazi wanayoifanya, ambayo leo haionekani hata na wanaowalipa.

Sasa niwaeleze kwa nini hayo mambo madogo yananinyima usingizi.

Katika chuo ambacho sitakitaja, palikuwa na njia ya mkato kutoka maktaba kwenda hosteli za wasichana. Inapita kando ya mfereji mkubwa wa maji ya mvua, chini ya miembe, na ilikuwa na taa mbili. Moja ilikuwa imeungua. Ndani ya muhula mmoja, kitabu cha matukio kiliandikwa mara tatu kuhusu mtu aliyeonekana pale gizani. Wa kwanza kutoa taarifa alikuwa mfanya usafi aliyekuwa akirudi nyumbani. Wa pili alikuwa mwanafunzi aliyefuatwa hadi mlangoni. Wa tatu ni askari mwenyewe wa doria. Taarifa tatu, hati tatu tofauti, zamu tatu tofauti, kurasa zilizoachana kwa wiki kadhaa. Mara zote hatua iliyochukuliwa ilikuwa ile ile: amefukuzwa. Aliyeandika ya tatu hakuwa na habari ya kwanza, kwa kuwa hakuna anayekabidhiwa zamu kwa kusomewa kitabu kizima.

Kisha msichana mmoja wa mwaka wa pili akaporwa mkoba pale pale, akasukumwa mferejini, akavunjika mkono. Nilimsindikiza zahanati, nikamsindikiza polisi kuchukua fomu ya PF3, na njiani alichoniuliza ni kimoja tu: "Mwalimu, kumbe walikuwa wanajua?" Alikuwa amesikia askari wakizungumza wao kwa wao. Sikuwa na la kumjibu. Ndiyo, walijua, kila mmoja kipande chake. Yeye aliyekuwa akipita njia ile kila usiku hakujua hata kipande kimoja. Angejua angezunguka kwa barabara kuu, au angengoja wenzake. Taa ilibadilishwa wiki hiyo hiyo. Ilikuwa kazi ya ngazi na fundi mmoja.

Kama taarifa zile tatu zingebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa hosteli, wasichana mia kadhaa wangezisoma, na miongoni mwao asingekosekana wa kusema: mbona hizi zote ni mahali pamoja? Ndiyo maana nasema kitabu kifunguliwe. Askari wa zamu anaona tukio. Jamii inayoishi pale, ikipewa nafasi ya kusoma, inaona mwenendo.

Nchini Marekani vyuo vimelazimishwa kisheria kutangaza uhalifu unaotokea kwao kwa zaidi ya miaka 30 sasa, na sheria hiyo ilitokana na msiba. Aprili 1986, Jeanne Clery, binti wa miaka 19 aliyekuwa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Lehigh, jimbo la Pennsylvania, alibakwa na kuuawa chumbani mwake bwenini. Muuaji alikuwa mwanafunzi wa chuo hicho hicho. Alipita milango iliyotakiwa kuwa imefungwa, ambayo wakaaji walikuwa wameizuia isijifunge ili wenzao waingie kwa urahisi. Baadaye wazazi wake, Howard na Connie, waligundua kwamba katika miaka 3 iliyotangulia chuoni hapo palikuwa pametokea makosa 38 ya kutumia nguvu, na wanafunzi hawakuwa wameambiwa. Walikishtaki chuo, na fedha walizopata wakazitumia kuanzisha shirika la kupigania usalama vyuoni. Hawakutulia hadi Bunge la nchi yao lilipopitisha sheria mwaka 1990, ambayo tangu 1998 inaitwa kwa jina la binti yao.

Sheria hiyo inavihusu vyuo vinavyoshiriki katika mipango ya serikali kuu ya kuwasaidia wanafunzi kifedha, yaani karibu vyote. Chuo chenye polisi au idara yake ya ulinzi kinatakiwa kutunza daftari la kila siku linaloonyesha aina ya kosa, tarehe na saa, mahali kwa ujumla, na shauri lilipofikia. Tukio linaingizwa ndani ya siku 2 za kazi tangu kuripotiwa. Kurasa za siku 60 za karibuni ziko wazi saa za kazi kwa mtu yeyote atakayefika, awe mwanafunzi, mwandishi wa habari au mpita njia. Juu ya hapo, kila mwaka ifikapo Oktoba 1 chuo hutoa ripoti yenye takwimu za miaka 3, na pakiwa na hatari inayoendelea hutakiwa kuwatahadharisha watu bila kuchelewa. Wanaokiuka hutozwa faini: Chuo Kikuu cha Michigan State kilitozwa dola milioni 4.5 mwaka 2019, na Liberty dola milioni 14 mwaka 2024.

Ukiyasoma madaftari hayo, utaona yanafanana sana na kauntabuku zetu. Baiskeli imeibwa. Kengele ya moto imelia kwa sababu mtu ameunguza chakula. Mwanafunzi amelewa, amepelekwa hospitali. Mtu amegonga gari lililoegeshwa na kuondoka. Kurasa kwa kurasa za mambo ya kawaida, na sijasikia mzazi aliyemwondoa mwanawe kwa sababu ya kengele ya chakula kilichoungua. Sisemi wenzetu wamekomesha uhalifu. Katika Chuo cha Virginia Tech watu 32 waliuawa Aprili 2007, na chuo hicho kiliadhibiwa kwa kuchelewa kutoa tahadhari asubuhi ile. Wana matatizo ya bunduki ambayo sisi, Mungu atuepushie, hatunayo. Ninachokitaka kutoka kwao ni kitabu kilicho wazi.

Kwetu, ulinzi wa vyuo umeelekezwa zaidi getini. Tangu shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, nchini Kenya, Aprili 2, 2015, lililoua watu 148, wengi wao wanafunzi, hofu ya wavamizi kutoka nje ina sababu, na sitaidharau hata kidogo. Lakini anayeiba laptopu maktaba mara nyingi ana kitambulisho halali mfukoni. Aliyeivua simu dirishani anajua chumba kipi kina kitanda karibu na nondo. Getini hapati kizuizi.

Nazijua sababu zinazotolewa za kutokufungua kitabu, kwa kuwa nimezisikia vikaoni.

Ya kwanza ni sifa ya chuo. Inasemwa kwamba tukitangaza wizi, wazazi watawapeleka watoto kwingine. Waheshimiwa, wazazi wanajua. Simu ikiibwa Jumatatu usiku, kabla ya saa sita picha ya dirisha imeshaingia kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi, na kufikia asubuhi simu moja imekuwa kumi na mwizi amekuwa genge lenye mapanga. Nimeona hosteli nzima ikikesha kwa uvumi ambao mistari miwili ya ukweli ingeutuliza. Kukaa kimya hakulindi sifa. Kunamwachia yeyote mwenye simu kazi ya kutoa taarifa ya chuo.

Ya pili ni faragha, na hii ni nzito. Mwathirika asitajwe, na mtuhumiwa asitajwe kabla ya mahakama. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na iheshimiwe neno kwa neno. Lakini ninachoomba hakihitaji jina la mtu. Mfano wa ninachokitaka ni huu:

"Wizi wa laptopu. Umeripotiwa Jumanne, saa 4 asubuhi. Umetokea Jumatatu kati ya saa 1 na saa 2 usiku. Vimbweta vya upande wa maktaba. Uchunguzi unaendelea."

Hakuna jina, hakuna namba ya usajili, hakuna chumba. Na penye ukatili wa kijinsia uangalifu uongezwe maradufu: mahali patajwe kwa mapana zaidi, na pale ambapo hata hivyo mhusika angetambulika, taarifa izuiliwe. Hata sheria ya Marekani inaruhusu hivyo, kama inavyoruhusu kuchelewesha taarifa inayoweza kuvuruga upelelezi. Madawati ya jinsia yaliyoanzishwa vyuoni miaka ya karibuni yana watu wenye ujuzi wa mambo haya. Waketi na askari, wakubaliane nini kiandikwe na kivipi.

Ya tatu husemwa kwa sauti ya chini: matukio yakionekana, wakubwa wataulizwa. Ni kweli wataulizwa. Kwa nini safu ya mwisho inasema "uchunguzi unaendelea" tangu Machi? Kwa nini taa ile ile inatajwa mwezi wa tatu mfululizo? Wanafunzi wana haki ya kuuliza hayo. Askari wasaidizi wanafanya kazi chini ya Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, na ndani ya eneo lao wanaweza kumkamata mtu. Mwenye mamlaka ya kukamata anatoa hesabu ya anavyoyatumia. Kwa hiyo kitabu kisiishie kwenye makosa ya wengine tu. Mwanafunzi akizuiwa getini kwa muda wa saa mbili kwa kukosa kitambulisho, iandikwe. Askari akitumia kirungu, iandikwe, na sababu yake. Askari mwema hana cha kupoteza hapo, na nimefanya kazi na askari wema wengi.

Upo pia upande wa wale ambao hawafiki kaunta kabisa, na huu unahitaji macho yenu. Mnajua kubebana kulivyo: vyumba havitoshi, na aliyepata kitanda anamkaribisha aliyekosa, wanalala wawili kwenye kitanda cha mmoja. Anayebebwa hayumo kwenye orodha ya hosteli. Akiibiwa, hatoi taarifa, maana swali la kwanza atakaloulizwa ni namba ya chumba. Mwenye chumba naye hatoi, asije akanyang'anywa kitanda. Nimekutana na kijana aliyepoteza laptopu yenye utafiti wake wote wa mwaka wa mwisho, akaamua kunyamaza kwa ajili ya rafiki aliyemsitiri. Mwizi bila shaka analijua hilo. Ndiyo maana naomba tangazo rasmi la chuo, lenye saini, kwamba taarifa ya uhalifu haitatumika kumwadhibu mtoa taarifa kwa kosa la malazi. Bila tangazo hilo kitabu kitaendelea kuwa na matundu, na matundu hayo yatakuwa pale pale penye wanafunzi maskini zaidi.

Kitabu kikishakuwa wazi, tutaweza kuuliza mambo ambayo leo tunayakisia tu. Je, bumu, yaani fedha za kujikimu za wanafunzi, likitoka, ugomvi na wizi huongezeka, na kwa siku ngapi? Je, wiki ya mitihani, maktaba inapojaa hadi usiku, ni mlango upi unaotumiwa na wezi? Je, wanaogongwa na bodaboda wanagongwa pale pale kila mara, penye haja ya tuta? Tunao wanafunzi wa takwimu, wa sosholojia, wa sheria, wa mipango miji, wanaohangaika kutafuta mada za utafiti, ilhali data za mahali wanapoishi ziko kabatini. Wapeni. Kazi yao itawarudia ninyi ikiwa na ramani.

Kuhusu sheria za nyumbani, sioni kinachowazuia. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inawapa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa taasisi za umma, kwa mipaka iliyowekwa. Hamhitaji kusubiri Bunge, wala waraka wa wizara. Makamu Mkuu mmoja mwenye nia anaweza kuanza na karatasi moja: kila asubuhi kabla ya saa 4, mkuu wa kituo ananakili matukio ya jana bila majina, Mshauri wa Wanafunzi anayapitia, yanabandikwa kwenye ubao wa kila hosteli, maktaba na getini, na kuwekwa kwenye tovuti ya chuo. Siku isiyo na tukio iandikwe kwamba haikuwa na tukio, maana nayo ni habari. Mwisho wa mwezi, mkuu wa polisi wasaidizi akutane na serikali ya wanafunzi, walezi wa hosteli na fundi mkuu wa majengo, wayasome matukio yote kwa pamoja kuanzia la kwanza. Fundi asikosekane kwenye kikao hicho, maana kule kwenye miembe jibu alikuwa nalo yeye.

Kwa wanafunzi mtakaosoma barua hii: msingoje ubao ubandikwe ndipo mwende kaunta. Ukiibiwa hata kitu cha elfu kumi, nenda, salimia, eleza, na usiondoke bila namba ya taarifa yako. Uliza jina la askari aliyekuandikia na utarudi lini kusikia kilichofikiwa. Ukimwona mtu anayekutia wasiwasi njiani, hata kama hakukugusa, nenda kaandikishe. Tukio lisiloandikwa haliwezi kudaiwa na mtu.

Na kwenu, Makamu Wakuu: wanafunzi wa mwaka wa kwanza wataanza kuwasili muhula ujao, wengi wakitoka nyumbani kwa mara ya kwanza, wakiwa na masanduku, magodoro na laptopu walizonunuliwa na wazazi kwa kujinyima. Watapewa semina elekezi kuhusu ada, maktaba na kanuni za mavazi. Naomba katika semina hiyo waonyeshwe pia ubao wa matukio, ukiwa umeshaandikwa ya jana, na waambiwe na mkuu wa polisi wasaidizi mwenyewe kwamba wana haki ya kuusoma kila siku. Yaanzeni maandalizi sasa, kabla hawajafika.

Wenu katika kazi,
Mhadhiri na mlezi wa zamani wa hosteli